Beseni la Mwanahija

Kunduchi, saa kumi na mbili kasoro, maji yanakupwa.
Mimi ni fundi cherehani wa Mwenge. Miaka ishirini na mitatu
uzi unanisikia: nikisema pita, unapita,
nikisema kaa, unakaa kwenye pindo mpaka nguo ichakae.
Lakini mshipi huu, mnene kama kamba ya kiatu,
wa njano kama bizari,
haujafunzwa adabu.

Fimbo niliipata Karume, katikati ya miavuli na mikongojo.
Muuzaji alidhani ni antena.
Elfu kumi na tano. Sikumsahihisha.

Narusha. Nyuma, mbele, nyuma.
Vijana wanaochimba choo mchangani wananiuliza,
"Fundi, bahari imekosa nini unaichapa viboko?"
Siwajibu. Manyoya ya jogoo, niliyoyafunga kwa uzi wa vifungo,
yanatua pale maji yanapobadili rangi,
nami naanza kuvuta: shibiri, shibiri, pumzi, shibiri.

Na hicho ninachokivuta kinakwenda wapi?
Hapo ndipo penye kesi.
Kinaanguka miguuni. Wimbi linakibeba
kama shangazi abebavyo mtoto bila kuomba,
linakizungusha kifundoni, linakivika mwani,
linakirudisha na mchanga na kipande cha kiroba.
Nikirusha tena, mshipi unatoka hatua mbili
kisha unasita: nimeukanyaga mwenyewe.

Jumatatu ile kolekole aliuma, akaondoka na safari yake.
Mshipi uliolegea ulikuwa umenifunga ndama ya mguu.
Tukavutana, yeye, mimi na mguu wangu,
mpaka: ta!
Kamba hukatikia pabovu.
Nilirudi dukani na alama nyekundu chini ya goti,
nikapunguza sketi ya mteja kupita kiasi.

Ndipo nikaliona beseni la Mwanahija,
la bluu, la kuoshea mchele.
Yeye alikuwa zamu ya usiku hospitali.
Nilitoboa matundu kumi na mawili kwa msumari wa moto,
nikapitisha vibanio vya plastiki vya mafundi umeme,
ncha zikasimama ndani kama ndevu za kambale.
Mkanda ni wa suruali ya bwana mmoja
ambaye hajaifuata tangu Ramadhani.
Nikajifunga kiunoni, nikajitazama kwenye kioo cha wateja:
mimba ya miezi sita.

Sasa siangushi, naweka.
Mikunjo mikubwa kwanza, midogo juu yake,
wa mwisho kuingia ndio wa kwanza kutoka,
kama deni jipya linavyolipwa
la zamani likiwa bado limelala chini.
Ndevu zinaishika mikunjo isikumbatiane.
Wimbi linagonga, linachungulia,
linachuruzika matunduni, linakwenda mikono mitupu.

Alipouma leo, sikumtazama.
Samaki ana ndoana, hiyo inamtosha.
Nilitazama ndani ya beseni,
mikunjo ikiruka mmoja mmoja kama vyura,
kidole cha shahada kikiungua,
mdomo wangu ukisema polepole, polepole,
sijui nikimwambia nani.
Mkunjo wa mwisho ulinasa kwenye ndevu moja.
Nikaacha kupumua.
Ukajinasua.
Kisha kigurudumu kikalia, na mimi nikacheka peke yangu
hadi vijana wakasimamisha majembe.

Kilo moja na robo, kwa mizani ya muuza mkaa.
Mwanahija alimtazama samaki, akatazama beseni,
akayahesabu matundu kwa kidole, taratibu.
"Mchele nitauoshea kwenye kofia yako?"
Tukala bila neno. Kichwa alichukua yeye.

Jioni yake nililikuta uani, limejaa udongo,
amepanda mchicha.
Maji yanachuja vizuri, alisema.
Na zile ndevu zitaegemeza miche.

Nimemwomba anivumilie:
angojee nipate beseni lingine, ahamishe.
Ameniambia mchicha huchukua wiki tatu.